Simu Iliyotaka Uso wa Mama Mkwe

Mama Mkwe nilimfahamu kwa miguu. Ungenipangia wanawake wa soko zima la Konyo Konyo hapa Juba nyuma ya pazia linaloishia magotini, ningekuonyesha wake bila kubahatisha: visigino vipana, vidole gumba vimeelekea nje kidogo, na juu ya mguu wa kushoto kovu la maji ya moto. Sauti yake pia niliijua, na kikohozi chake, na mlio wa ndala zake akivuka changarawe iliyo mbele ya duka langu pale Nyakuron. Uso ndio sikuujua. Kwetu mume wa binti hamtazami mama wa binti usoni. Hampi mkono, hali mbele yake, haketi naye benchi moja. Wengi wetu tulikulia ukimbizini Uganda na tumerudi na mambo mengi ya huko, lakini hili wazee walikwenda nalo na wakarudi nalo.

Kwa hiyo usinitarajie nianze kwa kukueleza macho yake yalikuwaje. Nitakueleza nilichoruhusiwa kukiona, pamoja na wasiwasi, maana kwa miaka mingi wasiwasi ndio uliokuwa kazi yangu ya pili baada ya kuuza simu. Mama Mkwe alikuwa na presha. Tena alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, na presha yake hiyo aliipakia kwenye magari ya barabara ya Nimule kwenda Kampala na kurudi, peke yake, hataki kusindikizwa na mtu. Mke wangu hakupata usingizi mama yake akiwa njiani. Safari moja Mama alinyamaza siku mbili kwa sababu kisimu chake cha vibonye kilizimika. Aliporudi mzima, mke wangu alikuja dukani akaegemea kaunta, macho mekundu.

"Baba Poni," aliniambia, "wewe nauza simu, si ndiyo? Tafuta simu ambayo mama hawezi kupotea nayo. Akipotea tena, mimi siulizi barabara. Nitauliza wewe."

Alimaanisha. Tangu siku hiyo nilijua kwamba Mama Mkwe akidondoka mahali pasipojulikana, mimi ndiye nitakayejibu.

Kwanza nieleze tulivyokuwa tukizungumza. Siku hizi wakwe wengi wamelegeza. Utawaona wanasalimiana kanisani, wengine hadi kupiga picha pamoja. Yeye hakulegeza kitu. Alipokuja dukani alikivuta kiti cha plastiki mpaka mlangoni, akaketi akinipa mgongo, na maneno yake kwangu yakapita kwa mtu wa tatu. Mke wangu akiwapo, yalipita kwake. Binti yetu Poni akiwapo, yalipita kwake. Pasipokuwa na mtu, Mama Mkwe aliongea na kiti.

"Kiti," angesema, "ambia huyu mtu ya simu mimi iko hapa. Mimi naomba maji."

Nami ningejibu kupitia feni iliyoning'inia juu ya kaunta. "Feni, mwambie Mama maji yanakuja."

Ningeiweka bilauri sakafuni, nirudi nyuma, naye angenyoosha mkono bila kugeuka. Mara moja alikuwapo mteja kutoka Mangateen, mtu mzima mwenye huruma zake, akatusikiliza kwa muda, akashindwa kuvumilia. Akanishika bega. "Ya jamaa," alisema, "ongea na mama yako. Kosa gani kubwa namna hii?" Nilimweleza kwamba hatukugombana, kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe. Aliitazama feni, akakitazama kiti, akanunua chaja yake akaenda zake.

Chakula kilikuwa taabu kubwa zaidi. Mkwe hawezi kukukuta unatafuna. Duka halina chumba cha kujificha, isipokuwa kistoo cha nyuma chenye pazia, na hicho nilikijaza maboksi mpaka mtu hageuki. Basi nikisikia zile ndala kwenye changarawe mdomo wangu ukiwa na chapati, nilizama chini ya kaunta na sahani yangu. Nimewahi kumuuzia mtu kadi ya simu kutoka huko chini, mkono tu ukionekana. Na Mama Mkwe alijua. Angeketi, akohoe, akiambie kiti kwamba jua la leo kali, akiambie kiti kwamba anaona atapita kwanza kwa jirani, aondoke taratibu ili nimalize. Jioni mke wangu angekuja na samaki mkavu kutoka kwa mama yake, aliyefungwa gazetini, kipande cha karibu na kichwa ambacho nakipenda mimi na sijawahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa mke wangu. Alikuwa mkali wa mila, na papo hapo alikuwa akizipekua mila zake kutafuta upenyo wa kunilisha.

Alikuwa na neno moja alilolitumia kwa kila kitu: geuza kwanza. Lilitoka kwenye biashara yake. Kitenge cha kweli, rangi yake imezama mpaka nyuma. Kile cha kudanganyia kinang'aa mbele tu, ukikigeuza unakuta weupe. Wateja wake wapya walivutiwa na upande wa mbele, yeye akawanyang'anya kitambaa akakipindua. "Geuza kwanza!" Alikataa mchumba mmoja wa dada wa mke wangu kwa neno hilohilo, kwamba kijana anacheka vizuri mbele lakini hajageuzwa. Mimi sijui nilipogeuzwa nilikutwa na nini. Nilipewa mke tu, sikuelezwa.

Basi simu. Fedha walitoa wanawe walioko ng'ambo, na sharti lao lilikuwa moja: iwe ya juu kabisa, isimtie mama aibu. Nililetewa mbili, zote vinara wa mwaka huo, kila moja ya kampuni yake. Niliziweka juu ya kioo cha kaunta na nikapoteza raha. Kwa kawaida mteja akiniuliza achukue ipi, namuuliza anafanya kazi gani, namaliza. Safari hii mteja alikuwa maisha ya mama wa mke wangu.

Ya kwanza ilikuwa nzito, nene, nyeusi, haina urembo. Betri yake ilikuwa ya kusimulia watu. Prosesa yake ilifungua kila kitu kabla hujaondoa kidole. Ilishika mtandao mahali ambapo nyingine zinahangaika, ilivumilia maji, na mgongoni ilibeba kamera tatu kubwa. Ilifunguka kwa uso wa mwenyewe: unaiinua, inakutazama, inakubali. Ya pili ilikuwa ya kukunja. Rangi ya asali, nyembamba, ukiifunga inaenea kiganjani, ukiifungua inanyooka kwa mlio mdogo tu. Nilikuwa nimeuza simu miaka mingi na sikuwahi kushika kitu kizuri hivyo. Ilifunguliwa kwa kidole, kupitia kitufe cha ubavuni. Lakini betri yake ilichoka mapema alasiri, na ile bawaba yake kwa vumbi la Juba ilikuwa ya kuombea dua.

Nilizitembeza zote mbili mifukoni hadi Buluk na kurudi, nikizitoa kila baada ya hatua chache kuona ipi imepoteza mtandao. Niliziacha juani juu ya bati zikicheza video. Nilizipigia simu nikiwa nimezifunika kwa magunia kujua zitasikikaje ndani ya mzigo. Mke wangu aliniuliza kama nimekuwa mgonjwa. Nilimjibu kwamba bado, lakini niko njiani.

Kisha akaja mwenye simu. Alikaa kwenye kiti chake, mgongo kwangu, mke wangu akampelekea moja baada ya nyingine. Niliona viwiko tu vikicheza. Alizigeuza kwanza, bila shaka.

"Hii iko nakodolea watu macho," alisema juu ya ile nzito. "Tatu! Mtu gani nahitaji macho tatu kwa mgongo? Nikiweka kwa sikio, watu ya soko wote nafikiri mimi iko napiga wao picha."

Hapo alikuwa na hoja. Mjini kwetu simu ikiinuliwa tu watu hugeuka, kila mmoja anataka kujua umemlenga nani.

Halafu nikasikia bawaba ya ile ya kukunja ikifunguka na kufungika, ikifunguka na kufungika.

"Hii ndogo iko na adabu," alisema Mama Mkwe, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ona. Iko nainamisha uso. Kama mtu nakuta mkwe yake kwa njia."

Ndivyo alivyoona yeye. Mimi niliona betri. Nikasema, na nilijiona nimesema jambo la maana sana, "Feni, mwambie Mama adabu haina chaji."

Mke wangu alicheka, halafu kicheko kikageuka, akaanza kulia palepale katikati ya duka. "Mama, mimi sitaki uzuri," alisema. "Mimi nataka usikike. Nataka nikipiga, uwe."

Bawaba ilifungika mara ya mwisho. Mkono ukairudisha ile ya asali nyuma, juu ya kichwa cha kiti, bila mwenyewe kugeuka.

"Kalas, basi," alisema. "Lete hiyo ya macho tatu."

Kuiandaa ilikuwa vita nyingine. Simu ilitaka uso wake, mbele na pembeni. Tulimwingiza yeye na mke wangu kwenye kile kistoo, pazia likashushwa, nami nikabaki kaunta nikiielekeza feni. Feni, sema azungushe kichwa polepole. Feni, sema kitambaa kipandishwe juu kidogo, paji la uso halionekani. Simu ilikataa, ikarudia, ikakataa.

"Hii kitu iko nataka nini tena?" ilisikika sauti nyuma ya pazia. "Mpaka baba ya watoto yangu hakuniangalia namna hii!"

Mwishowe ilikubali. Ilidai pia namba ya siri, ya kutumika pale uso unapokataliwa. Mama Mkwe hakutaka kusikia habari za namba. Alisema namba mtu anaisahau, lakini uso hawezi kuusahau nyumbani. Mke wangu akaiweka namba anayoijua yeye, na tukaliacha jambo hilo hapo. Mimi niliifurahia sana ile njia ya uso, nikaisifu kwa kila mteja. Muuza simu ndani yangu alikuwa amefikiria yote. Mkwe ndani yangu hakufikiria lolote.

Alipofika nyumbani aliishonea simu mfuko wa kitenge wenye vifungo, yale macho matatu yakafunikwa. Hakuyafungua ila kwa kazi mbili. Ya kwanza, kupiga picha za vitenge huko Kampala na kuwatumia wateja, upande wa nyuma daima, mbele hakuona haja. Ya pili, kupiga picha za maboksi ya dawa zake, maana majina yale marefu hakuyashika, na daktari wa kule alikuwa akimbadilishia kila mara.

Mimi hakunipigia kamwe. Alinibipu. Mlio mmoja na kukata, akifika mpakani Nimule. Mlio mwingine, akishavuka kuingia Elegu, upande wa Uganda. Sauti ya mama mkwe haiwezi kuja moja kwa moja kwenye sikio la mkwe, lakini kubipu hakuna sauti, kwa hiyo mila haikupata pa kukamatia. Siku za safari niliiweka simu yangu juu ya kaunta na sikuweza kufanya jambo lolote sawasawa. Nilimpa mtu chaja ya simu isiyo yake. Nilimsalimia mteja mara mbili. Mlio ukija, mabega yangu yalishuka, nikamtumia mke wangu neno moja, "Amevuka," naye akaanza kupika. Tulikuwa tunaishi hivyo, milio na kusubiri.

Wakati mmoja gari lao liliharibika porini, na watu wote ndani wakazimikiwa na simu isipokuwa yeye. Abiria wakapanga foleni kumwomba wapige nyumbani, na kila mmoja ilibidi amsubiri Mama Mkwe aitazame simu kwanza. Aliporudi aliketi, akakohoa. "Kiti," alisema, "ambia huyu mtu macho tatu iko kwes." Yaani ni nzuri. Sikupata sifa nyingine zaidi ya hiyo, na nilitembea nayo wiki nzima.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mke wangu alikuwa amekwenda Moyo, kule Uganda, kuzika shangazi yake katika kijiji cha ndani ambako simu hushika ukipanda kilimani na kwingine haishiki. Mama Mkwe alikuwa njiani kurudi. Mlio wa Elegu ulikuja asubuhi. Wa Nimule ulikuja. Baada ya hapo alipaswa kufika Juba mchana na kunibipu akishuka. Mchana ukafika, ukapita. Nilifungua simu yangu nikaifunga. Nikajiambia gari limekwama. Nikajiambia ana maneno na watu wa mizigo. Sikuamini hata moja kati ya hayo.

Nikavunja desturi, nikapiga. Iliita. Iliita muda mrefu, halafu ikapokewa, na sauti haikuwa yake.

"Wewe nani ya huyu mama?" aliuliza mwanamume. Alikuwa utingo wa gari. "Ameanguka hapa kwa kiti. Tulitaka kupigia watu yake, lakini simu nataka sura yake, na yeye iko amefunga macho. Tunaleta yeye hospitali kubwa ya Juba."

Sikumbuki nilivyofunga duka, kama nililifunga. Nilipanda boda, na dereva aliniuliza mara mbili kwa nini namshika shati namna ile.

Nilimkuta wodini, kitanda cha karibu na dirisha. Niliiona miguu kwanza, kama kawaida yangu, ikiwa nje ya shuka, na kovu lile mahali pake. Nikaganda hapo miguuni. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliniuliza kama mimi ni mwanawe. Nilisema mimi ni mkwe. Akaniuliza anatumia dawa gani za presha. Nilisema alibadilishiwa Kampala safari hiihii. Akaniuliza jina la dawa mpya. Nilisema sijui.

"Nahitaji kujua," alisema. "Nataka kumpa dawa sasa, lakini kuna zisizopatana. Nikikosea naweza kumwongezea tatizo."

Majina yalikuwa ndani ya simu. Nilimwambia hivyo. Maboksi yenyewe yalikuwa chini ya mzigo wa vitenge, na gari lilikuwa limeshaendelea na safari yake. Nesi akaichukua simu kitandani, akavifungua vifungo vya ule mfuko, akaiweka mbele ya uso wa Mama Mkwe, mimi nikitazama dirishani. Ilitetemeka. Imekataa. Akajaribu tena, karibu zaidi. Ikatetemeka. "Mama, fungua macho," nesi alisema. Mama alikuwa na fahamu. Nilisikia akinung'unika. Nesi akajaribu tena, ikakataa, akanigeukia akiwa amekasirika.

"Yeye nasikia mimi vizuri. Lakini iko nafumba macho kwa nguvu. Kwa nini?"

Nilijua kwa nini. Alikuwa amenisikia nikiongea. Alijua niko mle ndani.

"Nitoke nje," nilisema. "Mimi nikitoka atafumbua."

Lakini nesi aliishika simu vibaya, kwa karibu mno na kwa chini, na ilikuwa imeshakataa mara kadhaa. Ikikataa tena mara moja au mbili ingedai namba ya siri, na mwenye namba alikuwa kijijini kwenye matanga. Hilo nililijua mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Daktari alikuwa akitazama mashine ya presha, na sikupenda alivyokuwa akiitazama.

"Basi shika wewe," alisema nesi, akaniwekea simu mkononi. "Wewe si nauza hizi vitu?"

Niliogopa. Nilisema moyoni jina la mke wangu. Nilisogea kutoka miguuni hadi kichwani pa kitanda, safari fupi ambayo sikuwa nimewahi kuisafiri, nikaiinua simu mbele yake kwa mikono miwili, umbali unaotakiwa. Na macho yangu nikayafumba. Sikupanga. Yalijifumba yenyewe. Tukawa hivyo, mkwe na mkwe, wote vipofu, na simu katikati yetu ikimtafuta mtu.

Ilitetemeka.

Kisha nikasikia sauti, dhaifu, kavu, ile niliyoizoea ikitoka mgongoni, sasa ikitoka mbele yangu.

"Simu," ilisema. "Ambia huyu mtoto afungue macho. Mimi nitakufa kwa sababu ya heshima yake?"

Nilifumbua.

Nilimwona. Alikuwa na vishimo mashavuni, vilevile vya Poni, ambavyo miaka yote nilidhani Poni amevitoa kwa ndugu zangu. Nyusi zake zilikuwa zimeanza mvi. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa ameyafumbua macho yake pia, akiitazama simu kama alivyoelekezwa, na machozi yalikuwa yamejikusanya pembeni bila kushuka. Mama Mkwe alikuwa anaogopa. Aliogopa sana, waziwazi, kama mtu yeyote. Miaka yote nilidhani mwenye hofu kati yetu ni mimi peke yangu. Nilimhurumia.

Simu ikafunguka.

Nilipekua picha. Migongo ya vitenge, mmoja baada ya mwingine, rangi zimezama vizuri. Katikati yao palikuwa na picha moja ya duka langu iliyopigwa kutoka ng'ambo ya barabara, na ndani yake mwanamume amesimama juu ya ngazi akirekebisha feni, ameigeuzia barabara mgongo. Sikukawia kwenye picha hiyo. Nikapata maboksi ya dawa, nikampa daktari. Alisoma, akasoma tena, akamwambia nesi aache ile aliyoiandaa, alete nyingine. Nilirudi miguuni pa kitanda, nikakishika chuma cha kitanda, na nikalia.

Alipona. Mke wangu alirudi, akamhamishia kwetu kwa muda, halafu kwake. Kuhusu siku ile hakuna aliyesema. Mama Mkwe hakuja dukani. Wiki moja, ya pili, na zaidi. Mimi nikaanza kuumwa kwa mawazo. Mkwe akivunja mwiko ule huwa kuna mazungumzo ya wajomba, huwa kuna mbuzi wa fidia, na kuna wazee wanaosema mwili wa aliyevunja huanza kutetemeka. Kila mkono wangu ulipotikisika nilijiuliza kama ni huo. Kibaya zaidi nilidhani nimemwaibisha, kwamba mwanamke aliyeificha hofu yake kwa kila mtu hatamsamehe aliyeiona. Nilimuuliza mke wangu. "Muulize mwenyewe," alisema, halafu akakumbuka haiwezekani.

Kisha asubuhi moja, duka likiwa tupu, nikazisikia ndala kwenye changarawe. Taratibu kuliko zamani. Kiti kikavutwa mpaka mlangoni. Akaketi, mgongo kwangu, kitambaa kichwani kimefungwa upya. Nilisimama nyuma ya kaunta na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Alikohoa.

"Kiti," alisema. "Ambia mkwe yangu. Mtoto yangu anasema hii simu inaweza kujua watu wawili."

Hakusema mtu ya simu, kama zamani. Aliinyoosha simu nyuma, juu ya kichwa cha kiti, mfuko umevuliwa.

"Ambia yeye aweke na uso yake. Namba hii hapa, mtoto yangu amenifundisha." Akaitaja. "Siku ingine mimi nikifunga macho, asisumbue mimi."

Niliichukua. Niliingiza namba, nikafika mahali panapohusika. Ilikuwa kweli, uso wa pili unaruhusiwa. Niliiinua mbele yangu, nikazungusha kichwa polepole kama nilivyomwamuru yeye kupitia feni, kushoto, kulia, juu, chini. Ilikuwa ikinikodolea. Nilivumilia. Niliizima, nikaiinua tena kuijaribu, ikafunguka, na vile vitenge vyake vikatokea kiooni.

"Kiti," aliuliza Mama Mkwe, bila kugeuka. "Imemjua?"

Nilitazama juu nimpe feni jibu. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama.

"Imenijua, Mama," nilisema.

Nilisogea nikaiweka simu juu ya kichwa cha kiti, nikarudi nyuma. Aliichukua, akaigeuza, akairudisha katika mfuko wake wa kitenge na kufunga vifungo kimoja kimoja. Kesho yake alikuwa na safari. Aliinuka, akajinyoosha mgongo, akaanza kwenda.

"Kwes," alisema. Alikuwa ameshavuka kizingiti, na kiti alichokuwa akikituma siku zote alikuwa amekiacha nyuma.